Mwongozo kamili: Kipindi cha sanaa kwenye kituo cha watoto cha chuo ambacho kila mtoto anafanya kazi yake mwenyewe

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: rangi zipo, karatasi zipo, wanachuo wa kusaidia wapo sita, lakini mtoto mwenye ulemavu anaishia kukaa pembeni, au anashikwa mkono mwanzo mpaka mwisho afu kazi inabandikwa ukutani na jina lake. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote hatua kwa hatua.

Mara nyingi kinachoharibu kipindi ni ule mfano uliobandikwa mbele, yule kipepeo mzuri wa karatasi ambaye mwalimu alikesha kumtengeneza. Ukishaubandika tu umeshaamua nani atashindwa leo, na wasaidizi wako watafanya kila njia kuhakikisha hakuna anayeshindwa, yaani watamfanyia. Shika hilo, ukilielewa nusu ya mwongozo huu utajiandika wenyewe.

Nimeuandika kwa kikundi cha watoto 10 hadi 12, miaka 3 mpaka 5, wenye ulemavu na wasio nao pamoja, kipindi cha dakika 40 hivi.

## Vifaa, andaa vyote kwanza

- Karatasi kubwa na nzito. Karatasi ya daftari inalowa na kuchanika, na mtoto aliyehangaika kufika hapo anakata tamaa.
- Selotepu ya karatasi, ile mafundi rangi wanaziba nayo kingo. Inashika karatasi mezani isikimbie, na haichuni meza ukiibandua.
- Rangi nzito ya maji ya watoto, isiyo na sumu, inayotoka kwa maji. Chukua mbili tu, mfano bluu na njano. Ukiweka sita, baada ya dakika tano kila karatasi ni rangi ya tope na hakuna mtoto aliyeona kitu.
- Vya kupakia vya aina nyingi: brashi nene za mpini mfupi, sponji, rola ndogo, vitambaa vilivyofungwa fundo.
- Vya kunenepesha mipini: kitambaa na rababendi, au mpira wa tenisi uliotobolewa ukapitishwa brashi katikati. Mtoto ambaye vidole havifungi vizuri anashika mpira kwa kiganja kizima.
- Faili moja kubwa nene la pete. Lilaze, utapata bodi ya mteremko bila kununua. Mteremko unainua mkono na kuleta karatasi karibu na macho.
- Mikeka ya mpira isiyoteleza, ya kuweka chini ya trei na vikombe vya rangi.
- Unga wa kufinyanga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vikubwa vya mafuta, na maji kama kikombe 1 ukiongeza kidogo kidogo mpaka uache kunata mkononi.
- Kadi nne za picha: aproni, rangi, kunawa, kwenda nje.
- Beseni la maji na taulo PALE PALE mezani, siyo bafuni. Kuna watoto hawavumilii mkono mchafu hata sekunde thelathini, na wakiona maji yapo karibu wanathubutu kugusa.
- Daftari na kamera ya kituo. Simu za watu zibaki kwenye mabegi.

Tahadhari kabla hujasogea. Uliza mapema kama kuna mtoto mwenye mzio wa ngano, kwa sababu unga wa kufinyanga unaishia mdomoni hata ukimlinda vipi. Na chumvi ile ni nyingi, mtoto akila bonge anaweza kuumwa kweli, siyo kichefuchefu tu, kwa hiyo anayelamba kila kitu asiachwe peke yake na unga. Vitu vidogo kama shanga na vifungo vipime kwa lile bomba la katikati la toileti pepa, kinachopita humo usimpe mtoto ambaye bado anaweka vitu mdomoni. Hapa usiangalie umri, angalia tabia. Mtoto wa miaka mitano anaweza bado kuwa anajua dunia kwa mdomo. Maputo achana nayo kabisa, kipande cha puto kikiingia kooni hakitoki kirahisi.

## Hatua ya 1: Muulize mzazi maswali matatu

Siku mbili tatu kabla. Usianze na faili la hospitali, faili litakwambia "mtindio wa ubongo" au "usonji" na hutajua kama anapenda kitu baridi au kitu cha vuguvugu. Uliza hivi:

Anatumia mkono upi zaidi akiwa nyumbani na hakuna anayemwangalia? Kitu gani akikigusa analia? Anasemaje "nipe tena" na anasemaje "basi"?

Hilo la tatu ndo la dhahabu. Kuna mama aliniambia mwanae akitaka kuacha anageuza shingo kushoto, basi. Sisi wiki tatu tulikuwa tunaona shingo inageuka tunamzungushia karatasi upande huo, tukidhani anataka kuona vizuri, kumbe mtoto anatuambia nimechoka jamani.

Majibu yaandike kwenye kadi ndogo, bila jina la ugonjwa. Mwanachuo wa mazoezi hahitaji kujua historia ya hospitali ya mtoto, anahitaji kujua shingo ikigeuka anaacha.

## Hatua ya 2: Chagua kazi ambayo haina mwisho mmoja

Kipimo changu ni rahisi. Kama kwenye kazi hiyo unaweza kumwambia mtoto "umekosea", badilisha kazi.

Kubandika petali tano kwenye ua lililochorwa tayari: unaweza kukosea. Kuona bluu inafanya nini ikikutana na njano: huwezi. Kujaza rangi ndani ya mstari: unaweza. Kuacha alama kumi tofauti kwenye unga kwa vidole, viwiko na vijiti: huwezi.

Walimu wapya wanaogopa kwamba kazi ya namna hii "haifundishi". Inafundisha sana, ila matokeo yake hayaonekani vizuri ukutani siku ya wazazi, na hapo ndo penye tabu yenyewe. Shule za awali za Reggio Emilia kule Italia, alizoziongoza mwalimu Loris Malaguzzi na wenzake, zina karakana ya sanaa ndani ya shule na mwalimu wa sanaa anayekaa humo, na watoto wanarudi kwenye udongo ule ule mara nyingi. Huna haja ya karakana, chukua hilo la kurudi tu.

Umefanikiwa kama: ukifikiria watoto wako wote 12, kila mmoja unaona mahali pa kuanzia bila kusema "huyu atasaidiwa".

## Hatua ya 3: Panga chumba kwa kuanzia miguuni

Ndiyo, miguuni. Mtoto ambaye miguu inaning'inia anatumia nguvu zake zote kujishikilia asidondoke, mikono inabaki haina kazi nyingine ila kushika meza. Weka boksi gumu au tofali la mbao chini ya miguu yake, nyayo zote zikanyage, halafu uangalie mikono inavyolegea. Nimeona mtoto aliyesemekana "hapendi kuchora" akachora siku tuliyomwekea kiboksi. Kiboksi tu!

Kwa mwenye kiti mwendo, pitisha kiti chenyewe chini ya meza kabla ya siku hiyo, usikadirie kwa macho. Njia kati ya meza iwe kama sentimita 90, na isiwe na waya wala mabegi.

Kwa mwenye uoni hafifu, dirisha liwe nyuma yake au ubavuni na lisimpige machoni. Karatasi nyeupe juu ya trei nyeusi, na rangi iliyokoza, siyo njano juu ya nyeupe. Kingo za karatasi zizungushie uzi uliobandikwa na gundi, kidole kijue karatasi inaishia wapi.

Kwa mtoto kiziwi au mwenye usikivu hafifu, kaa ambapo uso wako unapata mwanga, panga viti kama kiatu cha farasi ili aone kila mtu, na usiongee huku umeinama unafungua rangi. Kama anatumia lugha ya alama jifunzeni wote, watoto pia, alama za rangi, tena, basi, na maji. Watoto wengine watazishika kabla yako, nakwambia ukweli.

Mtoto anayesumbuliwa na kelele umpe kiti cha mwisho wa meza, mgongo ukutani, siyo njiani watu wanakopita nyuma yake. Kona ya utulivu iwepo yenye mto na kitambaa, na isitumike kama adhabu hata siku moja.

## Hatua ya 4: Watawale wanachuo kabla hawajatawala kipindi

Hii ndo tofauti ya kituo cha chuo na chekechea ya kawaida. Kwingine mikono haitoshi, kwetu mikono imezidi, na mikono iliyozidi inahitaji kazi, na kazi iliyo karibu ni mtoto mwenye ulemavu. Isitoshe kila semesta inaleta sura mpya ambazo zinataka ripoti nzuri kwa mkufunzi.

Gawanya hivi. Mmoja ni wa vifaa, anajaza rangi na maji. Mmoja ni wa daftari, anaandika anachokiona na haongei. Mmoja anazunguka. Waliobaki wakae nje ya duara waangalie, hata kama wanakasirika.

Wafundishe pia ngazi ya msaada, na waipande kwa mpangilio huu:

1. Subiri. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, polepole. Kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, wengi wanafika nne wanaingilia.
2. Fanya yako mwenyewe, kwenye karatasi yako, pembeni yake. Usiguse karatasi yake kamwe.
3. Sema neno moja au onyesha picha moja.
4. Gusa kiwiko chake kwa wepesi, au sogeza kifaa karibu.
5. Mwisho kabisa, weka mkono wako CHINI ya mkono wake, kiganja chake kikae juu ya mgongo wa mkono wako. Akitaka kutoka anatoka.

Kuhusu hiyo ya tano wanachuo hubisha sana. Wanasema si ni kitu kile kile? Siyo. Mkono wako ukiwa juu umemfunga, ukiwa chini yeye ndo amepanda na anaweza kushuka muda wowote. Wajaribishe wao kwa wao, mmoja afumbe macho ashikwe kwa juu apelekwe kwenye bakuli la maji baridi, halafu wabadilishe. Hakuna atakayebisha tena.

## Hatua ya 5: Anza bila hotuba

Vifaa viwe mezani kabla watoto hawajakaa. Kusubiri ndo kunazaa fujo nyingi ambazo baadae tunaziita "tabia mbaya".

Onyesha kadi mbili tu kwanza: aproni, halafu rangi. Mtoto ambaye mabadiliko yanamtisha akijua nini kinafuata mwili wake unatulia. Sema sentensi moja, "leo tuna bluu na njano, tuone zinafanya nini." Nyamaza. Dakika mbili zinatosha.

## Hatua ya 6: Katikati ya kipindi, hapa kaa macho

Nikupe picha moja. Mtoto wa miaka minne, mikono inakakamaa, brashi imedondoka mara tatu. Msaidizi wa mwezi uliopita alikuwa anamshika ngumi na kuchora naye jua lenye miale yote, picha safi kabisa, ila mtoto muda wote alikuwa anaangalia dirishani. Safari hii tukamwekea sponji iliyofungwa kwenye kiganja kwa kitambaa laini (kisibane, hakikisha kidole chako kinapita kati ya kitambaa na ngozi), karatasi tukaigandisha kwenye lile faili la mteremko, tukakaa. Muda ukapita. Mwanachuo wa pembeni alikuwa anakalia mikono yake, halisi, ameikalia. Halafu mkono ukaenda, ukavuta mstari mmoja wa bluu uliopinda kuelekea chini, na mtoto akaangalia karatasi, akaangalia mkono wake, akacheka mpaka mate yakamtoka. Mstari mmoja, na ulikuwa wake.

Sasa mambo utakayokutana nayo:

Hagusi kitu. Usimlazimishe. Kuangalia ni kushiriki. Tia vijiko vitatu vya rangi kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, funga, gandisha mezani kwa selotepu pande zote, aisukume rangi bila kuchafuka. Wiki ijayo mpe kijiti kirefu. Kidole kitakuja kwa muda wake.

Amemaliza kwa dakika moja. Amemaliza. Mwachie karatasi ya pili mezani na usiseme kitu, au aende kwenye unga.

Anarusha. Angalia kwanza kama ameshasema "basi" kwa njia yake ukapitwa. Mara nyingi ameshasema.

Unataka kumsifia. Jizuie na "nzuri sanaaa". Useme unachokiona: "umezungusha, umezungusha, halafu hapa ukasimama." Na usiulize "hii ni nini?" kwa mtoto wa miaka mitatu, watoto wa miaka 2 mpaka 4 wengi bado wanachora mikwaruzo kwa raha ya kusogeza mkono, siyo kitu, na ukimuuliza atakutungia jibu la kukuridhisha.

Ukiwa na kikundi kilichozoeana jaribu karatasi kubwa ya sakafuni ya pamoja. Mwenye kiti mwendo anapitisha magurudumu kwenye trei pana ya rangi na kuacha njia mbili ndefu, wenzake wanakanyaga na nyayo, na hapo ghafla kila mtu anataka kiti mwendo. Ila muombe ruhusa yeye mwenyewe kwanza, kile kiti ni kama mwili wake. Rangi ikishatapakaa, sakafu inateleza sana, kwa hiyo mtu mzima mmoja asimame na taulo na mtoto mmoja mmoja apite. Magurudumu yafutwe kabla hayajakauka. Kama ni kiti cha umeme, usifanye hii, sehemu za chini hazitaki maji.

Umefanikiwa kama: ukipita unashindwa kujua kwa haraka karatasi ipi ni ya nani, na watu wazima wanaongea kidogo kuliko watoto.

## Hatua ya 7: Kufunga

Taarifu dakika tano kabla, tena dakika mbili kabla, kwa kadi ya kunawa na wimbo ule ule kila siku. Kusafisha ni sehemu ya kipindi: kukamua sponji ni mazoezi mazuri ya mkono kuliko shughuli nyingi za mezani. Anayekataa kuacha mpe kitu cha kubeba, mfano kikombe cha brashi mpaka kwenye sinki.

## Hatua ya 8: Kumbukumbu na ukuta

Andika alichofanya kwa maneno ya kawaida: "alivuta sponji kwa mkono wa kushoto mara tatu, mara ya tatu alimwangalia rafiki yake." Usiandike "alifurahia sana". Hiyo haimsaidii mtu.

Piga picha mikono na kazi zaidi ya sura, na ziwe na kibali cha mzazi cha maandishi. Hakuna mwanachuo anayeweka picha ya mtoto mtandaoni, hata kwa nia njema, hata kwa kuficha macho.

Bandika kazi zote au usibandike hata moja. Zikae usawa wa macho ya mtoto aliyekaa kwenye kiti mwendo, na chini yake maneno ya daftari. Mzazi anayeona mstari mmoja wa bluu bila maelezo anaweza kudhani mtoto wake amepuuzwa, akisoma mstari ulivyopatikana anasimama hapo hapo.

## Hatua ya 9: Dakika kumi za baada, na wiki ijayo

Watoto wakishatoka kaeni na daftari na mjibu maswali mawili tu. Nani alisaidiwa kabla hajahitaji? Kifaa gani kilimzuia nani? Majibu ya kwanza yatawauma wanachuo kidogo, na mwalimu pia, mi mwenyewe nimejikuta kwenye orodha hiyo mara nyingi tu.

Halafu wiki ijayo rudisha bluu na njano zile zile, sponji zile zile, viti vile vile. Wanachuo watasema watoto watachoka. Badilisha kitu kimoja tu, labda karatasi iende ukutani badala ya mezani, na fanya hivyo kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza yule asiyegusa ataangalia, ya pili atasogeza kiti, na ya tatu weka beseni la maji karibu yake kabla hajakaa.